Mlangoni kwa Thuwaini

Watu wa Mazraa walikuwa wameshasahau kwamba mtu anaweza kukataa, mpaka siku ile Nadhir alipokataa kubeba mawe.

Mazraa ni kijiji kidogo baina ya Ibra na milima ya Dima wa Tayyin: mitende bondeni, nyumba za udongo ubavuni mwa jabali, na ngome kongwe juu yake. Mwaka huo, sabiini na nne, Ibra kulikuwa na skuli na hospitali, na magari ya serikali yakipita na vumbi lake. Lakini hapo Mazraa serikali ilikuwa mtu mmoja, naye ni Thuwaini. Wakimwita naibu. Kazi aliyopewa ilikuwa kushika funguo za ngome, kusimamia zamu za maji ya falaji, mfereji wa kijiji, na kuwapeleka wagomvi kwa kadhi. Hayo ndiyo aliyopewa. Mengine alijipa mwenyewe.

Aliwatia watu shokoa, wakamlimia shamba lake bila ya ujira. Alimkataza mjane mmoja kumwoza binti yake kwa mtu wa Al Mintirib, kwa kuwa yeye hampendi mtu yule. Alipiga marufuku redio kusikika nje ya nyumba, na ya kwake ikinguruma kutwa. Aliyebisha alitiwa mkatale. Huo ulikuwa magogo mawili mazito yaliyotobolewa matundu. Mtu huwekwa miguu katika gogo la chini, la juu likashushwa likakomewa, akaachwa uani mwa ngome kwenye jua mpaka Thuwaini amkumbuke.

Nadhir na dada yake Shukriya hawakuzaliwa hapo. Walizaliwa Unguja mjini, na Mazraa kwao ilikuwa jina tu, kijiji cha babu yao alichokitaja akila tende. Mwaka wa sitini na nne watu wenye mashoka waliuvunja mlango wao wa Unguja. Baba yao aliuliwa kwenye kizingiti, na mume wa Shukriya aliuliwa hatua chache ndani, akirudi nyuma na mikono juu. Nadhir alikuwa kijana; mama yao, Bi Mwatima, alimsukumia juu ya dari akalala kifudifudi humo na ngumi mdomoni. Shukriya alikuwa ukumbini. Aliyoyaona hakupata kumsimulia mtu. Walihangaika Dubai, Nadhir akafanya kazi Kuwait, na mambo ya Oman yalipobadilika wakaja watatu wao kwenye nyumba ya babu. Nadhir alikuja na lori lake la Bedford alilolinunua kwa jasho la Kuwait. Shukriya alikuja na charahani. Bi Mwatima, aliyekwisha kuwa haoni vizuri, alikuja na tasbihi na hofu ya kugongwa mlango.

Lori lile ndilo alilolitamani Thuwaini. Alikuwa akijenga nyumba mpya ya mawe, na mawe yako mbali, wadini, kwenye mto mkavu. Nadhir alimbebea mara ya kwanza, akambebea tena. Siku ya tatu alipoitwa sabla, baraza ya wanaume wa kijiji, alikaa karibu na mlango akanywa kahawa yake.

"Ewe Zanjibari," Thuwaini alisema, "kesho na mapema unapeleka mawe."

"Nilikupelekea kwa hisani, sheikh. Hisani imekwisha."

"Hii si hisani. Hii amri."

"Amri ya nani?"

Watu wakaacha kunywa. Thuwaini akacheka kidogo. "Yangu."

Kiarabu cha Nadhir kilikuwa cha kubabaisha, na aliposimama kujibu, kijana mmoja alicheka. "Wewe umewekewa maji na funguo," Nadhir alisema. "Mawe ya nyumba yako si maji wala si funguo. Serikali ikilitaka lori langu, na inipeleke mbele ya kadhi. Kadhi akisema toa, nitatoa. Lakini gari ni langu, na mikono hii ni yangu."

Thuwaini alimtazama Soud, mkubwa wa askari wake, jitu la mabega mapana lililokuwa limesimama ukutani. Soud alikuja taratibu kama mtu anayekwenda kuzima taa, akampiga Nadhir kitako cha bunduki mdomoni. Nadhir alianguka juu ya mabirika ya kahawa. Alipojaribu kuinuka akapigwa cha mgongo, kisha cha mbavu, na askari mwengine akamkanyaga shingo. Meno yake mawili yalibaki juu ya mkeka. Sabla nzima ilikuwa na wanaume, wengine wamevaa majambia viunoni, na hapana aliyeinuka. Mzee Musabbah, jirani yake Nadhir, ukuta kwa ukuta, aliitazama kahawa ndani ya kikombe chake mpaka Nadhir alipokwisha kukokotwa nje.

Ngomeni walimtia mkatale. Gogo la juu waliliachia kwa nguvu, na mguu wake wa kulia ulikuwa haujakaa sawa kwenye tundu. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Nadhir alipiga ukelele uliosikika mpaka bondeni, na wanawake waliokuwa wakifua kwenye falaji waliinua vichwa, kisha wakavirudisha kwenye nguo. Thuwaini mwenyewe alikuja na bakora, akampiga mgongoni mpaka mkono ukachoka, akamwuliza ufunguo wa lori uko wapi. Nadhir alimtemea damu.

Ufunguo alikuwa nao Shukriya, ameufunga kwenye pindo la kanga. Alikwenda ngomeni na mtungi wa maji, wakamrudisha langoni. Alikwenda tena, wakamvunjia mtungi. Kwa nyuma ya ukuta aliisikia sauti ya ndugu yake ikiomba maji.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, wakati kijiji kizima kimelala kwa joto, walikuja kwake. Shukriya alikuwa kwenye charahani. Hakusikia hodi. Alisikia mlango unapigwa teke.

"Nani?"

"Askari. Lete ufunguo wa gari."

"Mna hukumu ya kadhi?"

Kisha sauti ya Soud: "Tuna amri ya Thuwaini."

"Thuwaini hana amri na nyumba hii. Humu mna wanawake watupu. Mungu mwenyewe kaamrisha watu wabishe hodi na wapewe ruhusa. Mimi sikupeni. Nendeni."

Teke la pili lilitikisa bawaba. Kutoka chumba cha ndani Bi Mwatima aliita, "Shukriya! Mwanangu, wamekuja? Wamekuja tena?"

Mlango ulianguka ndani na ubao wa kizingiti ukapasuka. Soud aliingia na viatu vyake, askari wa pili nyuma yake. Alimsukuma Shukriya ukutani, akapindua sanduku, akamwaga nguo, akapekua chini ya charahani. Alipokosa aliingia chumba cha ndani. Bi Mwatima alikuwa amejikunyata kitandani, tasbihi kifuani. Soud alilishika godoro kwa mikono miwili akalivuta, na bibi mzee akaanguka sakafuni kwa ubavu. Nyonga yake ilipogonga chini hakulia. Alisema tu, "Ya Rabbi, Nadhir yuko darini, msimwone," kama kwamba ni mwaka ule mwengine.

Shukriya alikuwa na mkasi wa kukatia vitambaa, ule mrefu. Hakukumbuka baadaye aliuchukua saa ngapi. Soud aligeuka, na katika kugeuka kwake mkasi ukamkuta usoni. Uliingia jicho la kushoto. Shukriya alihisi kitu kinapasuka, kisha kigumu cha mfupa, na damu ya moto ikamtiririka mpaka kiwikoni. Jitu lile likapiga magoti, likashika uso wake kwa viganja vyote viwili, likalia kama ng'ombe. Askari wa pili alikwisha kukimbia na bunduki yake.

Shukriya alisimama baina ya mama yake na yule mtu, mkasi mkononi. Kisha akainama pembeni akatapika.

Wanawake ndio waliofika kwanza. Halafu mzee Musabbah, kichwa wazi, kilemba mkononi. Aliutazama mlango ulioanguka. Alimtazama bibi mzee sakafuni, paja liko wazi, na wanawake wakimfunika. Uso wake ukabadilika rangi.

"Wameingia kwa wanawake," alisema. Akatoka uchochoroni akasema tena kwa sauti kubwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitukana mwenyewe: "Enyi watu! Wameingia kwa wanawake! Jana tulikunywa kahawa, leo wameingia kwa wanawake!"

Yale ambayo meno ya Nadhir hayakuyafanya, mlango ule uliyafanya. Wanaume walitoka na fimbo, mapanga ya mitende na bunduki za babu zao. Walipanda ngomeni wamefuatana kimya. Askari watatu waliobaki waliwaona kutoka juu, mmoja akafyatua risasi hewani, wa mbele wakaokota mawe, na askari yule akapigwa jiwe la kichwa akaporomoka ngazini. Wengine wakafungua lango. Thuwaini alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, juu ya punda wake, ameshika njia ya kwa kadhi kwenda kushitaki kwamba Mazraa wameasi. Nadhir walimkuta amezimia ndani ya mkatale, mguu umevimba na kuwa mweusi. Wakambeba kwenye jamvi. Na Musabbah, waliposhuka na Nadhir, alirudi akalifunga jicho la Soud kwa kilemba chake mwenyewe, kwani hapakuwa na mwengine aliyetaka kumgusa.

Kadhi aliwasikiliza wote. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na alimwacha Thuwaini aseme mpaka akaishiwa. Kisha alimwuliza jambo moja: "Uliwapa askari wako hukumu ya nani walipoingia nyumba ile?"

"Mimi ndiye naibu."

"Ulipewa funguo za ngome. Hukupewa funguo za nyumba za watu." Akamgeukia Soud, aliyekaa na kitambaa usoni. "Na wewe uliingia bila ya idhini wala hukumu. Jicho lako halina kisasi wala fidia kwa mwanamke huyu. Ukitaka, mdai aliyekutuma."

Thuwaini aliondolewa unaibu siku ile ile. Kesi ya mguu wa Nadhir na ya bibi mzee ilipangiwa siku yake, baada ya daktari kutoa kauli, na mpaka hapo Thuwaini arudi kwake akae ndani. Wazee wa Mazraa wakaambiwa wachague wa kushika funguo kwa muda. Hawakubishana. Wakampa Nadhir, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema "hapana" walipokuwa wao wamenyamaza, na mtu aliyekuona umenyamaza akiumizwa, unatamani kumpa kitu cha kumridhisha.

Na mwanzo alikuwa naibu mwema. Shokoa aliifuta. Zamu za maji alizirudisha kama zilivyokuwa. Redio zilisikika mpaka kwenye mashamba. Alitembea kwa gongo, mguu umepinda kwa nje, na watoto walimpisha njia kwa heshima. Askari aliobaki nao alikuwa Soud na mwengine mmoja. Soud hakuwa na pa kwenda.

Lakini Bi Mwatima hakuinuka tena. Nyonga ilivunjika, homa ikamshika, na kila mlango ukigongwa akimwita Nadhir ashuke darini. Nadhir alikaa naye kila jioni, na kila jioni alitoka chumbani mle amebadilika kidogo. Kijana yule aliyemcheka Kiarabu chake siku ya sabla alimcheka tena, sokoni, akiiga gongo. Nadhir akaamrisha atiwe mkatale mpaka alasiri.

Shukriya alimkabili ukumbini. "Kadhi kasema nini juu ya kijana yule?"

"Kadhi yuko mbali, dada. Jambo dogo."

"Thuwaini naye akisema hivyo hivyo."

"Usinifananishe na Thuwaini!" Nadhir alipiga gongo chini. "Mimi nimevunjwa mguu kwa ajili ya kijiji hiki. Hawa watu hawajui kutii ila kwa—" akakosa neno. "Wakikuona mpole wanakupanda kichwani."

"Basi uchome mkatale ule. Uchome leo, usikutie tamaa."

"Nitauchoma," alisema. "Kuna mtu mmoja hajaingia bado."

Bi Mwatima alifariki asubuhi, akiwa ameshika kidole cha Shukriya. Walimzika kabla ya adhuhuri. Soud alisimama mbali, nje ya makaburi, na hakuna aliyemwambia asogee wala aondoke. Watu walipokuwa wanapeana mikono ya rambirambi, mtu mmoja alimnong'oneza Nadhir kwamba nyumbani kwa Thuwaini wanafunga mizigo, kwamba anataka kutorokea kwa wajomba zake kabla ya siku ya kadhi. Huenda ilikuwa kweli. Huenda ilikuwa ni maneno ya watu tu. Nadhir hakuuliza. Mikono yake ilikuwa bado ina udongo wa kaburi.

"Chukueni bunduki," aliwaambia askari wake. "Tunamtoa."

Shukriya alikuwa ndani na wanawake wa matanga alipopata habari. Mwanamke mmoja alisema, "Mungu kajibu. Leo mbwa yule atavunjwa miguu yote miwili." Shukriya aliinuka. Alitoka na nguo zake za msiba, bila ya viatu, akakata kwa njia ya mashamba, akaruka mfereji wa falaji, miiba ya mitende ikamchana miguu. Alifika kwa Thuwaini mbele ya ndugu yake kwa kiasi cha kuweza kuvuta pumzi.

Nyumba ya Thuwaini ilikuwa ile ya zamani. Ile mpya ya mawe ilisimama pembeni haina dari. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma yake alisikia mwanamke anapumua kwa haraka. Huyo alikuwa Wadha, mke wa Thuwaini.

"Wadha," Shukriya alisema kwa Kiarabu chake kibovu. "Usifungue."

Akageuka, akaupa mlango mgongo.

Nadhir alikuja na gongo kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwengine, Soud na mwenziwe nyuma yake, na nyuma ya hao nusu ya kijiji. Alipomwona dada yake alisimama.

"Dada, rudi matangani."

"Siku ya kadhi ni lini?"

"Mama yetu yuko chini ya udongo na wewe unanitajia kadhi!"

"Mama ni wangu pia. Nimemwosha mimi. Nimeiona nyonga yake, wewe hukuiona. Mtu huyo ana hesabu kubwa na mimi kuliko na wewe, na hesabu hiyo nitaidai mbele ya kadhi, mchana, watu wakisikia. Humu ndani mna mwanamke na mabinti zake. Huna hukumu. Huingii."

"Soud!" Nadhir aliita. "Mwondoe."

Soud alisogea mbele. Watu wakaguna, kwa kuwa kila mmoja alijua ni nani aliyesimama mbele ya nani. Alimtazama Shukriya kwa jicho lake moja muda mrefu. Mkono wake ulikwenda usoni, ukashika kile kitambaa.

"Mimi nilishaingia nyumba ya watu bila ya ruhusa," alisema. "Siingii tena." Akaiweka bunduki yake chini, akaondoka katikati ya watu, nao wakampisha.

Nadhir akawa mwekundu. Alilitupa gongo. Alichechemea mpaka mlangoni, akamshika dada yake bega akamvuta, naye asivutike, vidole vyake vimeshika komeo kwa nyuma. "Toka, Shukriya! Toka, wallahi nitakuumiza!"

"Umiza."

Alimpiga kitako cha bunduki mkononi, juu ya kiwiko. Watu waliusikia mfupa. Shukriya aliinama, akatoa sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akajikokota akaegemea mlango tena, mkono ukining'inia. Akampiga tena, begani. Alianguka kwa magoti, na kwa magoti akabaki pale pale, mgongo kwenye ubao. Mzee Musabbah alipiga kelele, "Nadhir! Muogope Mungu!" lakini hakusogea, na wengine hawakusogea, kwani bunduki ilikuwa na risasi na uso wa Nadhir haukuwa na mtu ndani yake.

Shukriya aliinua kichwa. Damu ilikuwa mdomoni, ameuma ulimi. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kwa ajili yake yeye tu.

"Wewe ulikuwa darini, Nadhir. Mimi nilikuwa ukumbini. Nyuso zao naziona kila nikifumba macho. Leo nimekuona wewe miongoni mwao."

Nadhir alinguruma. Hakumpiga yeye. Aliielekeza bunduki pembeni mwa dada yake akafyatua kwenye bawaba ya chini.

Ubao wa mlango ulikuwa mkongwe. Risasi ilipita kama inapita kwenye boga. Ndani palitoka ukelele wa mwanamke, kisha mwengine mwembamba zaidi, wa watoto, na kutoka chini ya mlango ikatambaa damu, ikafika kwenye magoti ya Shukriya ikazilowesha nguo zake za msiba.

Wadha alikuwa ameuzuia mlango kwa mwili wake.

Bunduki ilimwanguka Nadhir mikononi. Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Aliyetoka ni Thuwaini, ndevu timtim, hana kilemba wala jambia, amembeba mkewe mikononi na paja lake linachuruzika. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemtukana. Alisimama mbele ya watu aliowatia mkatale akasema, "Gari. Nakuombeni, gari."

Lori lilikuwa moja Mazraa. Nadhir alilikimbilia kwa mguu wake mmoja, akianguka na kuinuka. Shukriya aliufunga ukanda wake wa kitambaa juu ya jeraha la Wadha, akaukaza kwa meno na mkono mzima uliobaki, wakapandishwa nyuma juu ya magunia, Thuwaini akimshika mkewe kichwa. Njia yote ya mawe mpaka Ibra, mguu ule mbovu wa Nadhir ndio uliokanyaga mafuta, na kila ukikanyaga alipiga yowe humo ndani peke yake. Walimsikia nyuma.

Wadha hakufa. Walimlaza kitanda jirani na cha Shukriya, mmoja paja limefungwa, mwengine mkono uko ndani ya plasta mpaka begani. Siku ya pili Wadha aligeuza uso.

"Mume wangu amemwua mama yako," alisema. "Kwa nini ulikuja mlangoni kwangu?"

Shukriya alitafuta maneno. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua uzi na samaki. "Kama siku ile mtu angesimama mlangoni kwetu," alisema. Hakuweza kuendelea, kwa lugha ile wala kwa nyengine. Wadha akanyoosha mkono akamsogezea bilauri ya maji.

Kadhi aliwahukumu wote wawili siku moja. Thuwaini alifungwa kwa mguu wa Nadhir na kwa kifo cha bibi mzee. Nadhir alifungwa kwa paja la Wadha na kwa mkono wa dada yake, na Shukriya alipoulizwa kama anasamehe haki yake, alisema haki ya mkono anaisamehe lakini risasi haikuwa yake kuisamehe. Nadhir alilia kizimbani, si kwa hukumu.

Wazee wa Mazraa walirudi wakakaa sabla siku nyingi kuliko walivyozoea. Mwishowe hawakumpa mtu mmoja funguo. Lango la ngome lilitiwa makufuli matatu, kila kufuli na ufunguo wake kwa nyumba nyengine, na wakakubaliana kwamba hapana mtu atakayeshikwa ila kwa karatasi ya kadhi. Mkatale waliupasua wakaufanya kuni za karamu ya harusi ya kwanza iliyotokea. Miaka ilipita, barabara ya lami ikafika, na baadaye ikaja ofisi ya serikali na makarani wake. Walipokuja, watu wa Mazraa walikuwa na tabia ya kuuliza "kwa hukumu ya nani?" hata pasipokuwa na haja, na makarani wakichoka nao.

Nadhir alipotoka jela hakutaka kurudi kijijini. Alitaka kwenda Sur, kwenye kazi ya kuendesha gari la maji. Shukriya alikodi taksi akaenda kumpokea langoni. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza mvi, na alimbusu dada yake kichwani bila ya kumtazama usoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia garini, jua kali."

Walikwenda mpaka mchanga ulipoanza kuonekana upande wa kulia. Ndipo aliposema, "Umenisamehe kweli, au ulisema mbele ya kadhi tu?"

Shukriya aliukanda mkono wake uliovunjika. "Kukiwa na baridi mkono unauma sana," alisema. "Siku hizo siwezi kukupenda. Siku nyengine naweza."

Nadhir aliitikia kwa kichwa. Walisimama Al Mintirib kupumzika, wakaagiza chai na mikate na samaki wa kukaanga. Shukriya alikuwa na njaa. Nadhir aliivuta sahani ya dada yake mbele yake, akamtoa samaki miba, akammegea mkate vipande vidogo, akairudisha.